Jengo Halikuiba Kitu

Mdomo uliponza kichwa, na mdomo wenyewe ulikuwa wa Mwalimu Eustace. Nani alimtuma? Miaka hiyo magazeti ya watu binafsi yalikuwa yakichipuka kama uyoga, na Yunusi, mwanafunzi wake wa zamani, akapata kazi katika mojawapo pale Morogoro mjini. Siku moja akamuuliza mwalimu kwa nini magazeti ya Kiingereza huibandikia kila kashfa neno "geti". Mwalimu akaona raha. Akaeleza kwamba Watergate ni jengo la Marekani. Wezi waliotumwa na watu wa rais waliingia humo kupekua ofisi za chama pinzani, mambo yakafumuka hadi rais mwenyewe akajiuzulu, na tangu hapo kila uoza ukavishwa mkia huo.

"Jengo lenyewe halikuiba kitu," akamalizia. Yunusi aliandika yote isipokuwa hilo.

Mwezi uliofuata mbolea ya ushirika ikapotea kule mlimani, kijijini kwa mwalimu. Mtunza ghala alikuwa Angelina, binti wa mwalimu. Jumatatu gazeti likatoka na herufi kubwa kama kabichi: ANGELINAGETI.

Aliyeiba alikuwa meneja wa ushirika, na polisi walimkamata huko mjini Gairo akiiuza. Lakini nani alijali? Neno lilikuwa tamu mdomoni. Sokoni, aliyepunja njegere aliambiwa anafanya angelinageti. Hata watoto wa katekisimu walilijua. Angelina akajifungia chumbani. Wiki ya tatu sasa, chakula chake ni uji vijiko viwili, na mwalimu akaanza kuogopa kwamba atamzika mwanawe.

Akashuka mjini kwa miguu.

"Shikamoo, mwalimu," Yunusi akasema.

"Sitaki shikamoo yako. Nirudishie jina la mwanangu!"

Kisha mzee yule, aliyewahi kumchapa Yunusi viboko, akapiga magoti mbele yake. Yunusi akaona aibu, akamwinua na kuahidi masahihisho.

Yalitoka Ijumaa, ukurasa wa saba, chini ya tangazo la mashine za kusaga. Kwa furaha mwalimu aliona "hana hatia" tu, basi. Akayakata kwa wembe, akaupanda mlima karibu akimbie.

Angelina alifungua mlango kidogo, akasoma polepole, akamrudishia.

"Baba, soma kichwa cha habari."

Mwalimu akavaa miwani. MTUNZA GHALA WA ANGELINAGETI HANA HATIA.

Alipoinua macho, mlango ulikuwa umeshafungwa.