Mafuta ya Kuotesha Nywele

Leodegar alikuwa muuza vitenge wa Kariakoo mwenye maneno mengi, lakini utosi wake ulipoanza kung'aa, maneno yalimwishia. Wanawake aliodhani ni rika lake wakawa wanamwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba roho ikimuuma. Akawa mtu wa kofia, hata kanisani, mpaka mkewe Severa akawa anamvua mlangoni.

Dawa zipo, alishaulizia. Ipo ya kupaka, ipo ya kumeza, na wenye uwezo wanapanda ndege wakapandikizwe nywele ng'ambo. Akanunua za kumeza. Lakini jirani zake wa dukani wakamtia hofu kwamba vidonge vile vinapunguza nguvu za kiume, na bwana yule asiyeogopa hata mgambo wa jiji akaogopa kidonge. Ndipo akabuni ujanja wake. Alivisaga stoo kwa kitako cha kufuli, unga akaukoroga kwenye mafuta ya nazi, na kila jioni Severa akawa anamsugua utosini, maana mkono wa Severa ni mwepesi na Leodegar anapenda kudekezwa. Alimwambia ni nazi na mlonge tu. Aliona aibu kukiri kwamba kidonge kimemshinda kumeza.

Vilipoisha, alikwenda kununua vingine Upanga, ambako hakuna anayemjua. Mfamasia, dada wa makamo aitwaye Sabaha, akamwomba cheti cha daktari. Hakuwa nacho. Akajitetea, na katika kujitetea akajisifia na ule ujanja wa kusaga. Sabaha akaacha alichokuwa akifanya.

"Anayekupaka ni nani, kaka?"

"Mke wangu."

"Ana ujauzito?"

Leodegar alianza kucheka, akaona mwenzake hacheki. Severa alikuwa na mimba, tumbo limeanza kuonekana.

Sabaha alimweleza taratibu. Kidonge kizima kina ganda, lakini kikishasagwa mjamzito hatakiwi kukigusa, kwa sababu dawa inaweza kupenya kwenye ngozi. Mtoto akiwa wa kiume, sehemu zake za siri zinaweza kuumbika vibaya. Hakusema ni lazima itokee. Alisema mama apelekwe kwa daktari leo hii, na dawa itajwe kwa jina.

Kwenye bajaji Leodegar alitetemeka mpaka dereva akamuuliza kama ana malaria. Aliogopa, na woga wake ulikuwa na aibu ndani yake. Njia nzima alitunga uongo: atasema mafuta yameoza, atayamwaga, na mambo yataisha hapo. Nani atajua? Kisha akamfikiria daktari akimpima Severa bila kuambiwa anatafuta nini, na uongo wote ukamtoka kichwani.

Alimkuta mkewe amekaa kwenye mkeka, chupa imefunguliwa, anamsubiri. Leodegar alimpokonya ile chupa, akamshika mikono, akamvuta mpaka kwenye karo. Huku akimnawisha kwa sabuni alimwambia yote, vidonge, kufuli, na maneno ya Sabaha. Hakujipunguzia hata neno moja. Severa hakupiga kelele. Aliuliza tu kama ni kweli ni kwa mtoto wa kiume, akajibiwa ndiyo.

Leodegar aliendelea kusugua vile vidole kimoja kimoja. Alijisikia akisema kwamba ni mikono tu, ngozi ya mikono ni ngumu, pengine kilichopita ni kidogo sana.

"Baba Nice," Severa alisema, "si mikono tu."

Leodegar akanyanyua macho.

"Yanayobaki mkononi huwa siyatupi. Najipaka tumboni, ngozi isichanike."

Sabuni ilimponyoka Leodegar, na hakuinama kuiokota. Severa alikausha mikono yake kwa gauni, akachukua kadi ya kliniki, akatoka bila kumngoja.