Mfano wa Ng'ombe

Mguu wa Sista Fausta ulikuwa hautulii chini ya meza. Ndiyo kwanza atoke Mbeya kwenye mafunzo ya kushauri familia zenye magonjwa ya kurithi, na mkufunzi alikazia jambo moja: waeleze watu ukweli, lakini usiwaamulie. Sasa mbele yake, kwenye zahanati moja ya bonde la Kamsamba, walikaa mfugaji Luhaga na mkewe Nyanzobe, aliyempakata mtoto wao Ngusa, mgonjwa wa selimundu.

Ili wamwelewe, Fausta akatumia mfano wa ng'ombe. "Ninyi wenyewe hamuumwi, lakini kila mmoja ana mbegu ya ugonjwa. Ndama anaumwa akirithi ya dume na ya jike, zote mbili."

Luhaga akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. "Nimekupata, sista. Jike likizaa ndama wagonjwa, linatolewa zizini. Huyu atarudi kwao."

Fausta alitamani kujizaba kofi. Nani alimtuma kumtajia Msukuma ng'ombe? Maneno makali yalimjaa mdomoni, akayameza. Mguu ukazidi kucheza.

Nyanzobe akamweka mtoto begani. "Baba Ngusa, mimi nimekulia zizini kwa baba yangu. Ndama wakiharibika, dume ndilo linalouzwa kwanza."

Luhaga akamgeukia Fausta upesi. "Sista, mwambie basi!"

"Mimi, baba," akasema Fausta, na mguu wake umetulia tuli, "nimekatazwa kuwaamulia watu."