Faini ya Kuwahi

Dobi alikuwa anakunja shuka la mwisho la hoteli mumewe aliporudi kutoka lindoni. Alivua buti mlangoni, akauliza kama kweli mkewe anaenda benki leo. Anaenda. Gauni la kijani lilishapigwa pasi tangu jana. Msimu mzima wa harusi alikuwa amefulia hoteli mbili badala ya moja, mpaka sabuni ikamchubua vidole, na faida yote imo kwenye mkoba. Rejesho la mkopo wa nyumba la mwezi huu lilishalipwa. Hii ilikuwa nyongeza.

"Watakupokea kwa heshima," mumewe alisema. "Wangapi wanalipa kabla hawajadaiwa?"

Kweli walimheshimu. Ofisa mikopo, kijana wa tai nyembamba, alimpongeza na kumvutia kiti. Halafu akabonyeza kompyuta, akaanza kueleza taratibu kama mtu anayepeleka habari za msiba. Nyongeza ina ada yake. Kisha kuna ada nyingine ya kupanga upya mkopo. Bila hiyo, pesa zitakaa zikingoja marejesho ya mbele na riba itaendelea vilevile. Dobi alipiga hesabu kwa kipimo chake mwenyewe: ada zote mbili zilimeza wiki tatu za kufua.

"Nikichelewa mnanipiga faini," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na nikiwahi?"

Ofisa alisema hiyo haiitwi faini, inaitwa fidia, maana benki ilishapigia hesabu riba ya miaka yote. Imo kwenye mkataba. Dobi aliikumbuka siku ya mkataba: kurasa zikifunuliwa harakaharaka, kidole kikionyesha pa kusaini, kisha yeye na mumewe wakapigwa picha wameshika ufunguo.

Angeweza kuzirudisha pesa mkobani. Lakini hata baada ya ada, muda wa deni ungepungua kwa zaidi ya mwaka. Alizisukuma mezani. "Kata hizo zenu," alisema, "zinazobaki zipunguze deni." Alitoka mgongo wake umenyooka. Machozi ya hasira yalimlenga nje, ambako hakuna aliyemjua.

Nyumbani mumewe alikasirika hadi usingizi ukamruka. Alisema bora wangenunua mashine nyingine ya kufulia.

"Jana mwaka huo ulikuwa wa benki," Dobi alimwambia. "Leo ni wetu. Wametuumiza, lakini hawajatuweza."

Hapo hapo akamkumbuka mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu. Mtaa mzima ulinunua kwa mkopo wa benki hiyo hiyo, na mwalimu alikuwa amemwambia kila mtu kwamba Ijumaa anapeleka kiinua mgongo chake chote, afe bila deni. Dobi alikwenda bila hata kubadili gauni. Mwalimu alisikiliza, akavua miwani. Mkewe aliketi kwenye ngazi, akauliza kwa sauti ndogo watakatwa kiasi gani. Dobi aliwaambia bila kupunguza chochote. Mwalimu alimshika mkono, akasema Ijumaa haendi.

Jioni ile Dobi alipita mlango kwa mlango. Muuguzi hakuwa anajua. Muuza spea alikuwa ameshakatwa mwaka jana, akadhani ni makosa yake, akanyamaza kwa aibu hata kwa mkewe.

Jumatatu waliingia benki watu tisa, Dobi mbele kwa gauni lake la kijani. Walisema wanataka ada hizo zifutwe, na kama hazifutwi, zibandikwe ukutani penye picha za kutangaza mikopo ya nyumba, mtu azione kabla hajasaini. Meneja alitoka akitabasamu. Mkataba ni mkataba, alisema, na ada ni za makao makuu, si zake. Kisha akawaomba wachague mmoja wao, wengine wasubiri nje wasisumbue wateja.

Dobi alikaa, akapakata mkoba.

"Wateja ndio sisi, baba," alisema. "Tumekuja kulipa."

Wenzake nao wakakaa, mmoja baada ya mwingine, mpaka viti vikaisha na mwalimu akabaki hana pa kukaa. Meneja alimtazama ofisa wake, akisubiri awatoe. Kijana aliinuka, akakizungusha kiti chake mbele ya meza, akampa mwalimu, naye akabaki amesimama upande wao.