Mama Mdogo wa Kanitha

...na sasa anasema tena, huyu mwanamke, amekaa mkeka mmoja na mtoto, miguu kaikunja upande kwa adabu, "Baba mtawa, mimi ni mama yake mdogo, tumbo moja na marehemu, nimekuja kumchukua," nami namtazama kucha, zina udongo, mfinyanzi, ametoka Kampong Chhnang, mkoa wa wafinyanzi, natafuta kasoro kama mtu anayenunua ng'ombe, mbona hakuja miaka sita yote, "Nilikuwa Thailand, baba, mashamba ya miwa, habari zilinifikia msiba umeshapoa," haya, hilo nalo ni jibu, mbona sifurahi... Kanitha anakunywa uji wake wa mchele na samaki mkavu, hajui kwamba anazungumziwa, au anajua, watoto hawa wa hekaluni hujua kila kitu, wako kumi na tisa sasa, miaka sita iliyopita hakuwepo hata mmoja, nilikuwa mtawa mwenye chumba kisafi na vitabu vyangu, nikaitwa kibandani nyuma ya soko, mwanamke amekufa kwa ugonjwa ule, majirani wamesimama mbali wameziba pua, nikasoma sala haraka haraka, naam, haraka, jua lilikuwa linakaribia utosini na sisi watawa hatuli baada ya adhuhuri, namwombea maiti huku nawaza wali, na mtoto wa miaka miwili, Kanitha huyu, aliyelala ubavuni mwa mama yake akashika joho langu... sisi hatumgusi mwanamke, hata akiwa mchanga, ndiyo amri, nikalivuta joho mpaka likamtoka mkononi, hakulia, laiti angelia, nikaenda zangu, nikakaa mbele ya bakuli, wali haukushuka, nikarudi, nikamkuta palepale, vidole bado vimekunjwa kama vimeshika kitu, nikambeba. Mkuu wa hekalu alinikuta mlangoni, "Umemgusa msichana?" "Nimemgusa, baba." Akatazama jua, akamtazama mtoto, "Basi mlaze kivulini, unasimama naye juani wa nini?" Na baada yake wakaja wengine, mmoja aliachwa getini, wawili waliletwa na bibi yao aliyeona siku zake zinakwisha, na Bibi Phan wa jikoni hachoki kunitania, "Baba mtawa, ulikimbia kuoa, ukaangukia watoto kumi na tisa!" nacheka, na moyoni najiambia hii ni huruma, siyo kung'ang'ania, huruma haina cha wangu wala cha wako... basi kifua hiki kinabanwa na nini? Ningeweza kusema karatasi za serikali hazijakamilika, uongo mdogo tu, angerudi kwao, angechoka... nimenyoa kichwa miaka ishirini, leo napanga uongo mbele ya mtoto anayekula, "He, samaki unamweka mwisho?" mama mdogo anamuuliza, hasemi nami tena, anasema na mtoto, "Kitamu kinakaa mwisho," Kanitha anamjibu, na yule mwanamke anacheka, mkono mdomoni, "Mama yako alikuwa hivyo hivyo! Nilikuwa namwibia, ananifukuza mpaka mtoni," na Kanitha ameacha kutafuna, "Mama alikuwa anakimbia?" "Mbio hizo! Alikuwa hashikiki yule"... alikuwa anakimbia, mimi namjua amelala tu, amefunikwa shuka, kila mtoto huyu aliponiuliza habari za mama yake nilimweleza juu ya kuzaliwa na kufa, mafundisho matupu, naye akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kumbe alitaka kujua kama mama yake alikuwa anakimbia... "Unasemaje, baba mtawa?" mama mdogo amenigeukia, wamenigeukia wote wawili, macho yao yanafanana, sikuliona hilo, nilikuwa natazama kucha... bado sijafungua mdomo, uji umefika nusu ya bakuli, kifua kinauma vilevile na nimekiacha kiendelee kuuma, karatasi ziko tayari na nitasema ziko tayari, nitasema mchukue, ni wako, lakini usiondoke leo, kaa nasi hata siku tatu, mzoeane, umsimulie, na nikipita karibu usinyamaze kwa heshima, endelea tu, maana na mimi simjui mama yake.