Kokoto Kwenye Kona

Fundi breki hakuwa mtu wa safari. Maisha yake yalipita chini ya mabasi ya watu, kalala chali, tochi mdomoni, mafuta yakimdondokea shavuni. Madereva walimwona king'ang'anizi, maana hata wangembembeleza vipi, basi lenye breki mbovu halikutoka getini. Nyumbani alifika kachoka, akala kimya, akalala.

Binti yake wa pekee, majirani walimwita Nyenje, kwa ule mlio wa ubao wake wa magurudumu uliokereza barabara kila jioni. Alikuwa na miaka kumi na sita, na likizo ile alikuwa anahamia kwa mama yake, muuguzi aliyekwenda kuishi upande wa pili wa nchi baada ya kuachana na fundi. Shule aliyoitaka ilikuwa huko.

"Baba, tusipande basi," alisema. "Twende na pikapu yako. Kila mji njiani una vijana wanaoteleza kwa ubao, nimeshaongea nao. Tupitie kwao mpaka tufike."

"Na mimi nitafanya nini huko? Nikushikie chupa ya maji?"

"Utajifunza."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Lakini usiku hakupata usingizi vizuri, na kulipokucha alikwenda kwa msimamizi wake kuomba ruhusa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua.

Mji wa kwanza waliteleza kwenye maegesho ya duka kubwa lililofungwa. Fundi alibaki garini na gazeti la juzi mpaka Nyenje alipokuja kugonga kioo. "Shuka, Baba." Alimpandisha ubaoni, akamshika kiuno kama mtu anayeshika ngazi. "Usitazame miguu. Tazama unakokwenda. Kunja magoti." Ubao ukamchoropoka, fundi akakaa kitako kwa kishindo, vijana wakaangua kicheko, naye akacheka nao.

Mji wa pili aliteleza peke yake kutoka goli moja la uwanja wa shule hadi la pili, mikono kaitandaza kama kuku anayeruka ukuta. Wa tatu kulikuwa na bwawa la kuogelea lililokauka; huko Nyenje alimfundisha kuanguka. "Kuanguka nako kunasomewa. Ukitanguliza mkono, umevunjika. Jikunje, bega litangulie."

Barabarani kati ya miji ndiko walikoongea. Nyenje alimweleza kuwa alipokuwa mdogo, akisikia pikapu inaingia, alikimbilia kitandani kujifanya kalala.

"Kwa nini?"

"Ukinikuta macho ulikuwa unauliza mambo ya shule tu. Ukinikuta nimelala ulikuwa unanifunika shuka."

Fundi alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele.

Mji wa nne ulikuwa juu ya kilima, na barabara yake ya lami mpya iliteremka kwa kona mbili hadi sokoni. Vijana wa pale walikuwa wameusubiri ugeni huo kwa hamu. Nyenje hakupanda ubao. Aliteremka kwa miguu hadi chini, akarudi taratibu, akisukuma kitu hiki na kile kwa ncha ya kiatu.

"Leo hapana," alisema. "Walifukua bomba kwenye kona ya pili, hawajazoa kokoto."

Kufikia hapo fundi alikuwa amevimba kichwa. Alikuwa amevaa kofia ya kitambaa ya bintiye kinyumenyume, na vijana walikuwa wanamwita Mzee wa Magurudumu.

"Njia yote hii, halafu kokoto?" alisema kwa sauti ya kusikika.

"Baba, nimesema hapana."

"Mama yako naye ni hivyo hivyo. Akiona mlima, anageuza."

Alisema kwa mzaha, na watu wakacheka. Nyenje hakucheka. Alimtazama baba yake kwa muda mfupi, akafunga mkanda wa kofia ngumu chini ya kidevu, akaweka ubao chini.

Kona ya kwanza aliipita vizuri, ameinama, mzuri wa kutazamwa, na fundi akapiga makofi. Kwenye ya pili gurudumu lilikwama na ubao ukabaki nyuma yake. Binti aliyejua kila namna ya kuanguka alitanguliza mkono. Fundi alipomfikia, alimkuta amekaa kando ya lami, kiganja cha kushoto kimeelekea kusiko.

"Usiniguse, Baba," alisema polepole.

Wahenga husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa fundi yalikuja siku hiyo hiyo, kwenye benchi la mbao la hospitali, akisubiri mlango wa chumba cha picha ufunguliwe. Miaka yote madereva walikuwa wamemwambia "twende hivyo hivyo tu," naye akawakatalia. Leo mtoto wake alikuwa amekagua, amekataa, na yeye ndiye aliyekuwa dereva.

"Kwa nini uliteremka, na ulikuwa unajua?" alimuuliza alipotoka na mkono uliofungwa plasta ngumu.

"Siku hizi zote ulikuwa unajivunia mimi," Nyenje alisema. "Sikutaka ziishe."

Ziliisha. Safari iliyobaki walikwenda moja kwa moja, ubao ukigongagonga nyuma ya pikapu. Mama alipowapokea, akaushika mkono ule kwa vidole vya kikazi na kuuliza kulikoni, Nyenje alimuwahi baba yake: "Niliteleza mwenyewe, Mama." Fundi akanywa chai aliyopewa, akaaga.

Alikuja kusema ukweli kwa simu, siku plasta ilipotolewa, mama yake Nyenje alipompigia kumpa habari kwamba kiganja hakitakunjika sawasawa tena. Alisema yote, hata lile neno la mlima. Mama yake Nyenje akasema, "Mwambie yeye, si mimi."

Akamwambia. Nyenje alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Yameisha, Baba," kwa adabu, kama mtu anayemjibu mgeni.

Likizo iliyofuata fundi alikwenda kumtembelea. Nyenje alikuwa ameshaanza kuteleza tena, na alimpeleka uwanjani kwao kumtambulisha kwa wenzake. Fundi alikuwa amevaa raba mpya, alizonunua kwa ajili ya siku hiyo. Nyenje aliziona. Akamtandikia jaketi lake kando ya ukuta, penye kivuli.

"Kaa hapa, Baba, usipigwe na jua."

Fundi akakaa. Kabla ya kupanda ubao, Nyenje aliutazama mteremko wa uwanja ule mara mbili, akauliza wenzake jambo, wakamjibu. Baba yake hakumuuliza ameona nini.