Marafiki Wanane wa Kobe

Kobe alitaka kulia kabla hata keki haijakatwa. Nikamwambia asithubutu, wanja wenyewe nilikuwa nimempaka mimi, nusu saa nzima.

"Marafiki wanane!" nikamsema. "Jamani, hata uongo una kiasi. Ungesema watatu ungepungukiwa nini?"

"Mama aliniuliza ghafla. Nikataja namba iliyokuja kichwani."

Jina la Kobe nimempa mimi. Akisikia mtu anabisha hodi, anaingiza kichwa ndani ya kofia ya sweta na kunyamaza mpaka mgeni aondoke. Anasomea kutengeneza meno ya bandia, kwa hiyo siku nzima yuko karakana ya chuo na taya za plasta. Ukimtambulisha kwa mtu hatazami macho, anatazama meno. Kwa mwendo huo utapata rafiki gani katika nchi ya watu? Miaka miwili alikuwa amenipata mimi tu, na hata mimi nilijipeleka mwenyewe nikagoma kuondoka mlangoni.

Sasa mama yake huko nyumbani si mtu wa mchezo. Alikuwa ameshatoa kauli kwamba mtoto wake hatakaa ugenini kama mkiwa. Kama hana watu, arudi, chuo kipo hata mtaa wa pili. Chuo cha mtaa wa pili kinafundisha ushonaji. Kobe kwa hofu akapiga chuku, akasema ana marafiki wanane wanaompenda kufa. Mama akafurahi, akaahidi kupiga simu ya video siku ya kuzaliwa awasalimie wote. Siku yenyewe ndiyo hiyo, Kobe anatimiza miaka ishirini na miwili, saa kumi na mbili jioni, na kwenye meza ya watu tisa tumekaa wawili.

"Nisubiri hapa," nikamwambia. "Na ufute hiyo kamasi."

Mgahawa ulikuwa mdogo, watu wenyewe wa kuhesabu. Nilianza na mzee mmoja na mkewe waliokuwa wakinywa supu. Nikawaeleza shida yote kwa lugha ya pale, bila kuficha, na bibi akacheka akabeba bakuli lake akahamia kwetu. Fundi wa lifti, aliyekuwa peke yake na mkoba wa spana miguuni, alikataa mara mbili. Nilipomwonyesha keki ilivyo kubwa, akahama. Mhudumu nilimfungua aproni mwenyewe. Wanne. Kabla sijampata wa tano, simu ikalia.

"Shikamoo mama!" nikapaza sauti, simu nimeiinua juu ili viti vitupu visionekane.

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

"Mimi ni rafiki mmojawapo, mama. Ndimi mkalimani."

"Haya. Mbona nawaona wachache?"

"Wengine wako kazini, mama. Wametuma salamu."

Uso wangu ulikuwa mkavu kabisa. Mama akataka kujua huyo mwenye ndevu ni nani. Nikamgeukia fundi wa lifti, naye akasema kwa lugha yake kwamba hamjui huyu binti, yeye alikuja kula tu.

"Anasema Kobe ni kama dada yake wa kuzaliwa," nikatafsiri.

"Mungu ambariki. Na wazee wake hawajambo?"

"Hawajambo, mama, wanakusalimu sana."

Kobe alikuwa ananifinya paja chini ya meza mpaka nikaona nyota. Mambo yalikuwa yananyooka, nikaanza kujisifu moyoni. Ndipo mama akasema, "Haya mwanangu, kata keki uwalishe wenzako nikuone."

Lo! Hilo sikulifikiria hata kidogo. Kwetu mwenye siku yake anakata keki na kumtia kila mtu wake kipande mdomoni, mmoja baada ya mwingine. Wale wanne nani aliwafundisha? Kobe alipomsogezea mzee kipande, mzee akarudisha kichwa nyuma na kunyoosha sahani. Bibi akakipokea kwa mkono, akashukuru. Mhudumu akampa Kobe uma. Fundi wa lifti alifunga mdomo kabisa akanitazama mimi, kana kwamba nimempeleka kung'olewa jino.

Kobe akabaki na kipande mkononi. Nikafungua mdomo wangu wote, akanitia, nikatafuna.

Mama akasogeza uso karibu mpaka ukajaa kioo cha simu.

"Wewe mkalimani," akasema.

"Naam mama," nikajibu, keki imejaa shavuni.

"Waambie hao wenzetu nimewashukuru sana, warudi kwenye chakula chao kisipoe. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, nami nimelea watano."

Kobe akaanza kulia, wanja wangu wote ukashuka mashavuni. "Mama, usinirudishe. Nimebakiza mwaka mmoja tu. Ninaipenda kazi hii. Sina wanane, nina mmoja."

"Na huyo mmoja ndiye anayenidanganya mchana kweupe hivi?"

"Ndiye."

"Bila hata kupepesa macho?"

"Yuko hivyo kila siku, mama."

Mama akavuta pumzi. "Mtu wa kusema uongo wote huo kwa ajili yako! Basi sina neno. Maliza masomo yako."

Kobe akanikumbatia na mikono yake yote ya krimu. Nikawa nacheka, nimeshaanza kutunga nitakavyomtania wiki nzima, mama aliponiita tena.

"Na wewe, binti, huko una nani?"

Mimi, niliyekusanya watu wanne kwa dakika kumi, nikatafuta jina la kutaja. Nikatafuta la pili. Mwisho nikamnyooshea kidole Kobe.

"Kwenu nani anakupigia simu?"

Nikaanza kukusanya makombo ya keki mezani.

"Haya," akasema, taratibu. "Kila Jumapili nikimaliza na huyu, nitakupigia wewe. Nipe namba."

Nikamwambia asubiri kidogo, nimepaliwa na keki. Akasema hata huo uongo ameusikia, nifute machozi kwanza, yeye hana haraka.