Siki Uani

Nisiwafiche, nilikuwa na hasira za kumtafuna mtu mbichi. Jumatatu mama mwenye nyumba alisimama uani kwetu, kitambaa puani, akasema mkojo wa mbwa unamvunjia heshima. Ijumaa akikuta harufu ingalipo, mbwa aondoke.

Mbwa ni wa baba. Tangu tumzike mama, mwaka sasa, mzee hajafungua kinywa kwa binadamu, hata kwangu mimi aliyenizaa. Huketi kwenye benchi lake pale ukutani akiongea na mbwa tu, asubuhi mpaka magharibi. Ukimwondoa yule mbwa, umemzika na baba.

Na nani aliyeuharibu ule ua? Si huyo mama mwenye nyumba mwenyewe? Kila Jumamosi alituamuru wapangaji tumwage dawa ya kung'arishia nguo nyeupe juu ya mkojo. Macho yanawasha, koo linakereketa, na mbwa anarudi kukojoa palepale. Nilimwambia mara tatu kwamba dawa ile na mkojo havipikiki chungu kimoja. Akaniuliza nimesomea wapi. Mimi, ninayefua mashuka ya hospitali mwaka wa kumi na mbili huu!

Nikajifunga kibwebwe. Dawa yake nikaificha uvunguni. Nikaumwagia ua maji tele mpaka mabaki ya dawa yakaisha, nikauacha ukauke. Kisha siki, ile ya bei ya chini kabisa, nusu kwa nusu na maji, nikaiacha robo saa izame kwenye nyufa za saruji, nikasugua kwa ufagio mgumu, nikasuuza. Siku nne mfululizo kabla ya kwenda kazini, huku natukana kimoyomoyo.

Ijumaa akaja na pua yake. Akanusa kona, akanusa ukuta, akainama akanusa hata chini ya benchi alilokalia baba. Hakuna kitu. Nilimwona anatafuta neno.

"Sawa, hainuki," akasema. "Lakini mbwa ni mbwa. Kesho nisimkute."

Kweli akufukuzaye hakwambii toka. Damu ikanichemka. Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake, vyote, bila maji.

Baba akaniwahi. Alishika kamba ya mbwa, akainuka polepole, akanigeukia.

"Mwanangu," akaniambia, "funga mizigo. Tunahama sote watatu."